Harambee ya Maabara ya Kompyuta: Tunachangia Saa za Wasichana

Kwa wazazi, waliosomea hapa na majirani wa shule,

Mwanafunzi akiingia gredi ya 10 huchagua masomo, na hapo ndipo wasichana wetu wengi hulikimbia somo la Kompyuta. Hawalikimbii kwa kukosa akili. Wamekosa saa za kukaa mbele ya mashine. Mvulana akitoka shule hupitia saiba. Dada yake saa hizo yuko kisimani au jikoni. Maabara yetu ya zamani ilikuwa ikifunguliwa saa kumi jioni, wakati uleule. Na hata kwa msichana aliyefika, watatu wakigawana kompyuta moja, anayeshika kipanya ndiye anayejifunza. Wengine humtazama kisogo.

Marekani waliyaona haya kabla yetu. Mwaka 1984 wanawake walikuwa takriban 37 kati ya kila 100 waliopata shahada ya kompyuta; kufikia 2010 walikuwa karibu 18. Sababu moja ni kwamba kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zilitangazwa kama vitu vya wavulana, wakafika chuoni wamezizoea, na wahadhiri wakafundisha kana kwamba kila mtu amezizoea. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilipoacha kuwapendelea waombaji wenye uzoefu na kuwawekea wanaoanza darasa lao, wasichana waliojiunga na shahada ya kompyuta hapo walipanda kutoka 7 kwa kila 100 mwaka 1995 hadi 42 mwaka 2000.

Tunahitaji Sh920,000. Wazazi wameshachanga Sh180,000, zimebaki Sh740,000.

Laptop 20 za ex-UK (zilizotumika Uingereza) kwa Sh20,000 kila moja ni Sh400,000. Hatununui kompyuta za mezani: zinakula umeme mwingi, na stima ikikatika ghafla kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Laptop 20 zikila wati 40 kila moja kwa saa nne ni uniti 3.2, ndiyo maana tumepanga betri ya lithiamu ya uniti 5, paneli nne za jua na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi), jumla Sh280,000. Betri za asidi ni rahisi dukani, lakini zikinyonywa kupita nusu kila siku hufa mapema, na tutarudi kwenu na bakuli. Grili na kufuli Sh45,000, meza kumi Sh60,000, ruta na seva ndogo ya masomo yasiyohitaji bando Sh21,000. Mwalimu wa Jumamosi atalipwa Sh1,500 kwa Jumamosi 36, yaani Sh54,000. Sh60,000 ni za matengenezo, na hizo msituombe tuzipunguze: maabara nyingi za msaada hufa kwa kukosa chaja na kibodi za kubadilisha.

Saa zenyewe ni hizi: wakati wa chakula cha mchana kila siku, na Jumamosi saa tatu hadi saa saba, kabla ya kazi za jioni nyumbani. Jumatatu na Jumatano mchana ni za wasichana peke yao. Wanafunzi wawili kwa laptop moja, na kila dakika 15 kengele inalia, aliyeshika kibodi anampisha mwenzake. Muhula wa kwanza, asiyewahi kugusa kompyuta hachanganywi na aliyeizoea.

Mwenye laptop ya zamani ailete, ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, diski ya SSD (ile ya kasi isiyozunguka) na chaja yake. Iliyovimba betri hatupokei, inaweza kuwaka moto.

Mchango utumwe kwa paybill ya shule iliyo kwenye barua mliyopewa, au uletwe kwa mhasibu, naye atatoa risiti papo hapo. Hesabu itabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi. Tutanunua kwa mpangilio huu: grili, umeme wa jua, meza, ndipo laptop. Anayetaka pesa zake ziingie kwenye laptop tu tunamshukuru, ila tunamwomba aifikirie betri kwanza.