Mama Kulwa, usiuze cherehani

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi huku Birmingham sijambo, kazi ni zilezile za kutunza wazee na zamu za usiku. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie dagaa wa Mwaloni walifika salama, ila siku nilipowakaanga jirani alikuja kugonga mlango akiuliza kama bomba la maji machafu limepasuka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unasema mtumishi kakwambia selimundu ya Doto ni laana ya ukoo, kwamba Mungu anadai matambiko ya babu, na laana haifunguki bila sadaka ya ukombozi. Kiasi hukukitaja. Kaka ndiye kanidokeza kuwa cherehani imeshapata mteja. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungelia, nami ningelia, tusingefika popote.

Tuanze na damu yenyewe. Ugonjwa huu mtoto anaurithi pale anapopata kinasaba chake kwa baba na kwa mama pia. Wewe na shemeji kila mmoja anacho kimoja, hakiwaumizi, ndiyo maana hamkujua. Wazazi wa namna hiyo, kwa kila mtoto uwezekano ni mmoja kati ya nne kwamba atapata vyote viwili. Na hicho kimoja mlicho nacho humkinga mtu kwa kiasi fulani na malaria kali, ndiyo sababu kimeenea sana sehemu za mbu kama kwetu kandokando ya ziwa. Sasa niambie: Kulwa na Doto walikaa tumbo moja, wakazaliwa usiku mmoja. Hiyo laana ya babu ilimrukaje Kulwa ikamkamata dada yake?

Najua atakufungulia Kutoka 20, maovu ya baba kupatilizwa kwa wana. Mwombe afungue na Ezekieli 18. Watu walikuwa na msemo wao, baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu mwenyewe akawakataza kuutumia tena. Halafu mfike Yohana 9. Wanafunzi waliuliza swali lako hilohilo, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu? Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Mimi kipimo changu ni hicho. Nikiambiwa Mungu yuko hivi au vile, najiuliza kama Yesu angemtendea mtu hivyo. Yesu niliyemsoma hakumdai mtoto deni la babu yake.

Unakumbuka maneno yaliyosemwa MV Bukoba ilipozama, Mei 1996? Wapo waliosema Mungu kawachukua kwa sababu ya maasi yao. Wakati meli ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake! Ikaja MV Nyerere pale karibu na Ukara, Septemba 2018, watu kupita kiasi tena, na maneno yakawa yaleyale. Ukishasema ni Mungu, nani atamuuliza aliyeruhusu chombo kiondoke? Kwa hiyo nikisikia neno la kutisha kuhusu Mungu huwa naangalia pia ni nani linamfaa. Hili la kwako halihitaji tochi. Elisha alimponya Naamani akakataa hata zawadi; aliyekimbilia gari nyuma kuomba fedha na mavazi ni Gehazi, mtumishi wake, na unajua alipata nini: ukoma uleule wa Naamani.

Sisemi usitoe sadaka. Toa zaka yako, toa shukrani. Lakini Mungu wa kulipwa ndipo amwachie mtoto ni mteka nyara, si Baba.

Na hili la mama kwamba kwenda hospitali ya Bugando ni kukosa imani, naomba ulijibu kwa upole, ni mzazi wetu. Mkumbushe tu kwamba Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na Timotheo alimshauri anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Hakuwaambia hawana imani. Kliniki ya Doto usiikose, na dawa zake zisisimamishwe kwa sababu ya wiki ya maombi. Kumfungisha asile wala kunywa ndiyo usithubutu. Mtoto wa selimundu akikosa maji, au akipigwa baridi kwenye mkesha, maumivu yanaweza kuanza. Akichemka homa usisubiri asubuhi, hata kama ni usiku wa manane mpeleke hospitali.

Uliniuliza sasa kwa nini yeye. Sina jibu, na nimechoka na wenye majibu. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hapo ndipo walipomfaa. Walipofungua midomo wakaanza kumtetea Mungu kwa kumtafutia Ayubu dhambi, maneno matamu ya kidini kabisa, na mwishoni Mungu akawakasirikia wao: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Ayubu yule aliyelalamika sura baada ya sura! Basi Doto akiamka anashika miguu na kulia, nawe umemkanda mpaka mikono imekufa ganzi, mlalamikie Mungu kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, vyovyote yatakavyotoka. Hutamkosea.

Mteja wa cherehani mrudishie kishika uchumba chake kama ameshatoa. Ijumaa natuma hela kwenye simu ya kaka, ni ya bima ya watoto na nauli ya kliniki, isiguswe kwa jambo lingine. Mwambie shemeji na Kulwa naye apimwe, tujue kama amebeba kinasaba kimoja, itamsaidia akija kuoa. Na uniambie sare za kwaya ulizochukua zimefikia wapi. Wale mama hawalipi mpaka uwafuate.

Dada yako