Taka zikikwama siku tano, hazimalizwi kwa siku tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo mabaraza yetu ya manispaa hapa Unguja hulipita haraka kila gari za taka zinaposimama. Gari ikishatengenezwa na kurudi barabarani, wakubwa hupumua, wakadhani shida imekwisha. Hesabu inasema vyengine.

Tuchukue mtaa unaotoa taka za safari tatu kwa siku, na gari moja yenye uwezo wa safari hizo hizo tatu. Gari ikilala siku tano, mtaani pana safari 15 zinazosubiri. Siku ya sita inarudi, inabeba tatu, na siku hiyo hiyo watu wametoa nyengine tatu. Zile 15 zimebaki vile vile. Ukiongeza safari ya nne usiku, mlimbikizo unapungua kwa safari moja tu kila siku, yaani siku 15 za kazi ya ziada kwa kukwama siku tano. Ukiwa na tipa la kukodi la kubeba tatu zaidi, siku tano zinatosha. Ndiyo maana mkataba wa tipa la dharura lazima uwe umesainiwa mapema, bei ya safari ikijulikana, turubali lipo, na fedha zina fungu lake. Anayeanza kutafuta tipa siku gari ilipokufa, wiki yake huishia kwenye barua za kuomba kibali.

Safari zenyewe si fupi. Tangu jaa lilipohamia Kibele kutoka Jumbi, gari hutembea zaidi ya kilomita 40 kwenda na kurudi mjini. Wakati wa masika njia ya ndani ya jaa hugeuka tope. Gari moja iliyojaa ikizama, za nyuma yake zote zinasubiri na safari ya mchana imepotea. Kifusi na mawe yamwagwe na kushindiliwa mwezi wa Februari, kabla mvua za Machi hadi Mei hazijaanza. Mvua ikishaanza, kifusi humezwa na tope.

Na gari husimama kwa nini? Mara nyingi ni kitu kidogo. Mpira wa oili ya haidroliki unaonyanyua kontena hupita karibu na chesisi, ukasuguliwa kila siku mpaka nyuzi za waya zikaonekana. Hapo una siku chache. Kontena likiwa zito, mpira hupasuka likiwa hewani, oili yote chini, na gari nzima imelala kwa kipande kimoja cha mpira. Dereva akiukagua kila asubuhi kwa macho na kitambaa (kitambaa kikitoka na oili, mpira unabadilishwa siku hiyo), na stoo ikawa na mipira miwili ya kila urefu pamoja na seti ya sili (pete za mpira zinazozuia oili isivuje), hakuna haja ya kusubiri spea ivuke bahari kutoka Dar es Salaam. Pini za mikono ya kunyanyulia zipakwe grisi kila wiki. Bodi ioshwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila jioni, kwani maji ya samaki yana chumvi na hula bati haraka kuliko mvua.

Mchanga nao ni adui asiyeonekana. Mafagio ya uani hukusanya majani pamoja na mchanga, na mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Gari hufikia uzito wake ikiwa haijajaa, springi hukatika, na zile gari za kushindilia hulika sili. Mchanga ubaki uani, majani ndiyo yatoke. Moto ni vivyo hivyo: kontena likichomwa kupunguza taka, rangi huungua, kutu huingia, na sakafu hutoboka kabla ya wakati wake.

Huduma ikirudi, pa kuanzia ni wapi? Mara nyingi huanziwa barabara kubwa, kwa sababu ndizo zinazoonekana na wageni. Hilo ni kosa. Yai la inzi katika joto letu huwa inzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi, kwa hiyo masoko ya samaki na nyama ndiyo ya kwanza, halafu makontena yaliyo karibu na mitaro, skuli na vituo vya afya. Matawi na majani makavu yanaweza kungoja wiki. Kontena la kando ya mtaro halingoji, kwani mvua moja hulimwagia taka zake mtaroni na maji yakaingia majumbani. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hakijasahaulika.

Mwananchi anayeweka taka chini, kando ya kontena lililojaa, asilaumiwe kabla ya kuambiwa afanye nini. Siku ya kwanza tu ya kukwama, sheha apewe ujumbe wenye mambo matatu: gari itarudi lini, taka gani zitolewe, na zipi zibaki nyumbani. Chupa, makopo na maboksi yakae kwenye polo. Vinavyooza viwekwe katika ndoo yenye kifuniko, kwani mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006. Katika Ramadhani maganda ya matikiti na machicha ya nazi hujaa mapema, basi zamu zipangwe kabla mwezi haujaandama.

La mwisho ni daftari. Kila gari iwe na lake: saa ya kutoka, idadi ya safari, saa iliyosimama, sababu, na saa iliyorudi. Wiki mbili baada ya huduma kurejea, waitwe madereva, mautingo, fundi na masheha, lisomwe mbele yao. Sababu itakayojirudia mara tatu ndiyo ipewe fedha kwanza.

Wako,
Mdau wa usafi wa mji,
Mpendae, Unguja