Tuiteni mapema wodini, sio siku ya ruhusa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niliseme hili maana limenikaa moyoni muda sasa. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo (kwa Kiingereza occupational therapist), yaani namsaidia mgonjwa aweze tena shughuli zake za kila siku kama kula, kuvaa na kuoga, kwenye hospitali moja ya rufaa huku Kanda ya Ziwa. Wagonjwa wanatuita watu wa mazoezi, hilo halina shida kabisa, shida ni kwamba tunaitwa mwishoni, yaani mtu kalazwa, kapimwa, kafungwa vidonda, alafu anakuja kuandikiwa kutuona siku anayopewa ruhusa, ndugu washapanga vyombo kwenye beseni na bajaji inasubiri getini, sasa hapo nimfanyie nini cha maana?

Chukulia mtoto aliyeungua kiganja kwa uji wa moto, hawa tunawapata sana. Mkono unauma kwahiyo anaukunja, na mama kwa huruma anamwacha hivohivo maana akimnyoosha analia. Kidonda kinapona kweli, manesi wanakisafisha vizuri tu, ila kinapona vidole vikiwa vimekunjika na kovu likishakaza hapo ndo basi tena, kijiko hashiki, penseli hashiki, familia inaanza kutafuta hela ya operesheni. Wakati siku za mwanzo ningemtengenezea splinti kwa POP ileile wanayofungwa waliovunjika, kiganja kikae wazi na vidole vimenyooka, avae hasa akilala, mchana tunaifungua anacheza na kushikashika vitu. Walioungua shingo ndo usiseme, ndugu wanaleta mto laini kabisa toka nyumbani kumbe huo mto ndo unaokunja shingo, mwisho kidevu kinavutwa na kovu hadi karibu na kifua.

Kwa wagonjwa wa kiharusi napo ni hivohivo. Unaingia wodini unakuta ndugu wawili wanamnyanyua mzee, mmoja kashika mkono uliopooza anauvuta, na lile bega kwa wakati huo halina msuli wa kulishikilia, linachomoka taratibu bila mtu kujua, baadae nguvu zinaweza zikarudi lakini kabaki na bega linalomtesa hata kuoga. Mwingine anakula nusu ya sahani, wali wa upande wa kushoto umebaki wote, ndugu wanasema kashiba, kumbe ubongo wake hauna habari na huo upande, ukiizungusha sahani anaendelea kula. Kitu kama hicho hukijui mpaka ukae na mgonjwa akiwa anakula. Na kumvalisha pia kuna utaratibu, mkono mgonjwa unaingia kwanza kwenye shati na wakati wa kuvua unatoka mwisho, ni dakika chache kumwelekeza binti yake na mzee haumii tena.

Sisemi mgonjwa akurupushwe, kiharusi kikiwa kibichi hasa saa 24 za mwanzo hatakiwi kusimamishwa-simamishwa, ila kumlaza vizuri na kuulinda mkono kunaanza siku hiyohiyo.

Alafu kuna suala la nyumbani, nani anauliza choo ni cha kuchuchumaa? Mtu mguu mmoja hauna nguvu, atachuchumaaje? Nikijua mapema namwambia mtoto wake atafute kiti imara, fundi akitoboe katikati, tunafanya nacho majaribio hapahapa wodini kabla hajaondoka.

Madokta siwalaumu, raundi ina wagonjwa wengi na sisi wenyewe ni wachache mno, wengi wetu tumesomea palepale KCMC Moshi, na zipo hospitali za wilaya hazina hata mmoja wetu wakati wenzetu wengine wako mtaani wanasubiri ajira. Lakini pale tulipo, naomba uongozi wa hospitali uweke utaratibu kwamba aliyeungua, mwenye kiharusi, aliyeumia kichwa au uti wa mgongo, jina lake linatufikia siku anayolazwa, bila kusubiri mtu akumbuke.

Na nyie ndugu wa wagonjwa, dokta akipita raundi muulizeni kwa heshima tu, "dokta, mgonjwa wetu ataonwa lini na mtu wa tiba kwa vitendo?" Akituandikia, tunakuja hapohapo kitandani.

Mtoa tiba kwa vitendo,
Kanda ya Ziwa