Filamu ya Jumamosi: mpangaji mwenza

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi hii, saa mbili usiku, tutatazama Single White Female, filamu ya Marekani ya mwaka 1992 iliyoongozwa na Barbet Schroeder, ambamo Allie, mkazi wa New York aliyeachana na mchumba wake, anatangaza gazetini kwamba anatafuta mtu wa kuishi naye, akampata Hedra, binti mpole na msikivu.

Naomba mtazame kwa makini pale saluni, Hedra anapojitokeza akiwa amekata nywele na kuzipaka rangi ileile ya Allie, kwa sababu kwangu tukio hilo linatisha kuliko damu yote ya mwishoni. Mbwa anakufa pia, mjue mapema. Tafadhali, watoto wawe wamelala.