Shukrani kwa fundi wa maabara

Namshukuru hadharani fundi wa maabara, ambaye mwenyewe ameomba nisimtaje jina, kwa kunifundisha kukuza fuwele za protini za virusi. Bila fuwele safi, miali ya eksirei haitawanyiki kwa mpangilio unaosomeka, na umbo la protini halijulikani kwa njia hiyo. Muundo wa hemaglutinini, protini iliyo kwenye uso wa kirusi cha mafua, uliochapishwa mwaka 1981 na Ian Wilson, John Skehel na Don Wiley, ndio ulionivuta katika utafiti huu. Lakini makala za kisayansi, hata zilizo bora, hazifundishi subira ya kubadilisha chumvi na asidi kidogo kidogo hadi protini ijipange. Subira hiyo niliipata kwake, aliyekuwa akibaki maabara baada ya saa za kazi ili akague kwa hadubini matone yangu ya mchanganyiko wa protini, ambamo fuwele hukua.