Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Marburg imeondoka Biharamulo, na glavu zimeondoka nayo

Biharamulo, Kagera
Machi 2025

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Kwa heshima na taadhima, pokea salamu zangu.

YAH: GLAVU NA MAJI KATIKA ZAHANATI ZETU

Mheshimiwa, mimi ni mama lishe, nauza chakula jirani na stendi hapa Biharamulo. Tarehe 13 Machi ilipotangazwa kwamba mlipuko wa Marburg, ile homa kali ya kirusi, umekwisha, wanawake wa stendi tulipiga vigelegele. Siku 42 zinazotakiwa zilikuwa zimetimia bila mgonjwa mpya, nasi tulikuwa tumezihesabu moja moja. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati wataalamu waliokuja kukaa nasi, pamoja na vijana wetu wa afya ya jamii waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ana homa, hata pale walipofukuzwa kwa maneno makali.

Maneno haya nimekaa nayo tangu Januari. Nilijiambia anayezima moto hasumbuliwi kwa maswali. Lakini yaliyotokea juma lililopita yamenimaliza uvumilivu.

Mtoto wa jirani yangu, wa miaka minne, alipandwa na homa usiku akatapika mpaka kukakucha. Baba yake yuko machimboni. Tukamchukua kwa bodaboda, mimi nimempakata, mama yake akija nyuma kwa miguu, hadi zahanati moja ambayo sitaitaja jina kwa sababu sitaki mtu wa pale aadhibiwe. Muuguzi alitoka akasimama kizingitini. Alipomwona mtoto na matapishi kwenye kanga yangu, akarudi nyuma hatua moja. Akauliza: ameharisha? Kuna damu? Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, glavu zimekwisha. Nendeni dukani mkanunue. Mimi simgusi mtoto huyu mikono mitupu."

Ndoo ya kunawia ilikuwa palepale mlangoni, ile yenye koki, na karatasi ya "Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni" imebandikwa juu yake. Nilifungua koki. Haikutoka hata tone. Tangazo la kwisha kwa ugonjwa lilikuwa bado bichi masikioni.

Nikakimbia dukani, nikanunua jozi mbili kwa fedha ya unga wa siku ile. Mtoto akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa, na leo anacheza uani. Ila pale mlangoni hakuna aliyejua kuwa ni malaria. Mama hakujua, mimi sikujua, muuguzi hakujua. Nilikuwa nimempakata mtoto yule kifuani, matapishi yake yamelowa mpaka kwenye ngozi yangu.

Simlaumu muuguzi, Mheshimiwa. Naomba hilo lieleweke kabla mtu hajatumwa kwenda kumhoji. Ana watoto nyumbani, na anajua yaliyowapata wenzake. Mwaka 2023 ugonjwa huu ulipoingia Bukoba Vijijini, kule Maruku na Kanyangereko, watu tisa waliugua na sita wakafariki, na miongoni mwa waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Mwaka jana Rwanda, hapo ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, waliugua watu 66, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya. Walimshika mgonjwa kabla hawajajua anaumwa nini. Ugonjwa huu hauji na kibandiko usoni. Unaanza kwa homa kali, kichwa na maumivu ya mwili, kama malaria tunayoumwa kila masika. Kutapika na kuharisha hufuata, na damu ikionekana, kama itaonekana, tayari mikono mingi imeshapita. Hauenezwi kwa upepo. Unapita kwenye damu, matapishi, jasho na kinyesi, na kwa kugusa mwili wa aliyekufa. Kwa hiyo mchubuko kwenye ngozi ya muuguzi ndio mahali unapopitia, na glavu ndiyo inayoziba.

Sasa niambie, Mheshimiwa: glavu inayoletwa baada ya vipimo kurudi kutoka maabara inamkinga nani?

Nirudi Desemba na Januari, maana nikiyaruka hayo nitakuwa sijasema lililoniumiza. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana aliugua Desemba 2024. Tulisikia msiba huku, msiba kule, watu wa nyumba moja wakifuatana. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa kwamba linashuku Marburg hapa Kagera. Kesho yake Wizara ikatoa yake: sampuli za washukiwa wote hazina kirusi. Tarehe 20 Januari Mheshimiwa Rais, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, akatutangazia kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mwisho wa hesabu wamekuwa watu kumi, na wote kumi wamefariki. Wawili walithibitishwa na maabara. Wanane walikuwa wameshakufa kabla ya uthibitisho.

Sisemi Wizara ilidanganya. Huenda sampuli za siku ile zilikuwa safi kweli, mimi si mtu wa maabara. Nadhani, na hili ni la kudhani tu, mliogopa mipaka kufungwa na watalii kukatisha safari. Lakini kati ya taarifa ile na tangazo la Dodoma, hapa stendi watu walipeana mikono, walikumbatiana, walizika. Nilimhudumia kila aliyekaa kwenye benchi langu, na vikombe nilivisuuza kwenye beseni moja kama siku zote, kwa sababu niliyekuwa nikimwamini alikuwa amesema hakuna kitu. Kama neno lingekuwa "bado tunachunguza, kwa sasa msishikane mikono, msioshe maiti wenyewe", tungelibeba. Sisi si watoto. Tulipita Uviko, tukajifunza kutengeneza vibuyu chirizi kwa madumu ya lita tano na kamba.

Badala yake uvumi ndio ulijaza nafasi. Wapo waliosema ni kurogana kwa ajili ya mashamba. Wengine wakasema ni sumu, na mzee mmoja wa watu akaacha kabisa kula nyumba ya mkwewe. Malimau na tangawizi vikapanda bei kama wakati ule wa Uviko. Wachimbaji wakasema ni popo wa mapangoni, na hao ndio ninaowaelewa zaidi, kwani wataalamu wenyewe wanasema kirusi hiki hukaa kwa popo wala matunda wa mapangoni, na vijana wetu wanalala kwenye mashimo ya dhahabu. Wengine wakanyooshea kidole malori yanayopita Nyakanazi kwenda mipaka ya Rusumo na Kabanga. Mimi sijui ulianzia wapi. Ninachojua ni kwamba aliyekuwa na homa alijificha ndani, maana aliogopa akionekana atachukuliwa na hatarudi.

Na baada ya tarehe 20, Mheshimiwa, tuliitwa wagonjwa sote. Mabasi yalikuwa yakisimama hapa abiria washuke wale, nami nilikuwa na sufuria mbili za wali na moja ya ndizi. Wakaanza kupita vioo vimefungwa. Aliyeshuka alinunua maji ya chupa tu, na fedha akaiweka mezani ili asinipe mkononi. Chakula kilichacha, nikakimwaga. Mkopo wa kikundi ukaendelea kudai. Binti yangu yuko shule ya bweni mkoa mwingine. Aliporudi shuleni akalazwa peke yake chumba cha stoo, bila nesi wala kipimajoto, na wenzake wakampa jina la ugonjwa. Analia kwenye simu ya matroni, nami sina la kumwambia. Dada yangu wa Kahama alifiwa na mwanawe mdogo, ndugu wakanipigia wakasema, "Usije, tutakuwakilisha." Sikwenda. Mtoto wa dada yangu amezikwa sikuwepo. Nani atanirudishia hilo?

Pamoja na hayo yote tulitii. Nataka ulijue hilo kwa undani, kwa sababu kwenye taarifa zenu husomeka kwamba "jamii ilielimishwa", kana kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Huku kwetu mgeni akija hupewa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye mkono wa mwenye nyumba. Tuliiacha. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kupokezana tuliiacha. Kusalimiana tukaweka mkono kifuani, na wazee ambao hawajawahi kusalimiwa hivyo na mkamwana walikubali. Kanisani amani tulitakiana kwa kuinamisha kichwa. Waendesha bodaboda walikataa kubeba mgonjwa mpaka wapige kwanza 199, namba ya simu ya Wizara ya Afya, na wapo waliolaaniwa na majirani kwa hilo.

Lililokuwa zito kuliko yote ni misiba. Maiti wetu huoshwa na watu wake. Mama hufunga kidevu cha mwanawe kwa kitambaa, shangazi hupaka mafuta, bibi humvika. Mwishoni mwa Januari alifariki bibi mmoja wa mtaa wetu, mtu mzima sana, kwa ugonjwa wa moyo aliokuwa nao miaka. Watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima wakamwosha kwa klorini wakamfunga kwenye mfuko, nasi tukasimama mbali. Mkwewe alikuwa ameshika ile khanga aliyoiweka sandukuni kwa siku hiyo. Akauliza kama angalau wangemruhusu aiweke juu. Walimruhusu baadaye, juu ya jeneza. Hakuna aliyerusha jiwe. Hakuna aliyefukua kaburi usiku. Tulilia tukiwa tumesimama mbalimbali, kisha tukaenda kunawa kwenye ndoo.

Watu walioweza hilo, Mheshimiwa, wanastahili ndoo iwe na maji.

Katika majuma yale maji yalikuwepo. Nakiri kwa moyo mweupe: sabuni ilikuwepo, klorini ilikuwepo, maboksi ya glavu yalikuwepo, magari ya matangazo yalipita asubuhi na jioni. Nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani limetenga dola milioni 3 kwa ajili ya mlipuko huu. Simtuhumu mtu. Nauliza tu kwa nini vitu hivyo vilikuja kama wageni na kuondoka kama wageni. Hema limekunjwa, sawa. Wataalamu wamerudi Dar es Salaam na Dodoma, sawa, wana familia. Lakini glavu? Glavu nazo zilikuwa na safari?

Mkoa wetu umepigwa na ugonjwa huu mara mbili katika miaka miwili. Popo hawajahama. Mashimo hayajafukiwa. Malori yanapita usiku na mchana. Chanjo iliyoidhinishwa hakuna, dawa maalumu hakuna, anayeugua hupona kwa kuwahiwa akapewa maji mwilini na uangalizi. Anawahiwa na nani, kama anayetakiwa kumwahi anasimama mlangoni akiogopa kumgusa, na ana haki ya kuogopa?

Naomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wako. Zahanati za Biharamulo, Muleba, Ngara na Bukoba Vijijini ziwe na glavu siku zote, hata siku ambazo hakuna jina la ugonjwa kwenye redio. Ziwe na maji na sabuni mlangoni, na klorini ya kuoshea kitanda alichotapikia mgonjwa. Mkishuku jambo, tuambieni siku ileile, kwa sauti ya mtendaji wa kijiji na si kwa taarifa tunayoisoma kwenye simu ya kijana. Na shuleni watoto wetu waambiwe kwamba mtu wa Biharamulo si ugonjwa.

Kama hayo ni mengi kwa mwaka huu wa fedha, basi naomba la kwanza tu. Glavu. Muuguzi yule apewe glavu. Nimepita pale jana kumchukulia mtoto dawa ya kumalizia, nikamuuliza kama zimeletwa. Akasema ameagiza, anasubiri. Nikamwona akimfunga kijana mmoja wa bodaboda kidonda cha mguu, damu inatoka, na mkononi amevaa mfuko wa plastiki wa sukari.

Mheshimiwa, naomba glavu zifike kabla ya masika kukolea, kwani homa zitaanza, na hatutajua ipi ni ipi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama lishe, stendi ya Biharamulo