Malalamiko: kunyimwa waranti ya kichujio cha tangi la samaki kilichozunguka bila maji

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KICHUJIO CHA KOPO KILICHOHARIBIKA KWA KUFUATA MAELEKEZO YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nina tangi la samaki la lita 200, na kwa ajili yake nilinunua kichujio chenu cha kopo, kile cha kukaa ndani ya kabati chini ya tangi. Leo ni siku ya tisa tangu nikitoe kwenye boksi. Shafti yake ya kauri imevunjika vipande vitatu, impela (kile kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji) imelika upande mmoja, na ofisi yenu imenijibu kwamba waranti haihusiki kwa kuwa pampu ilizunguka bila maji, na hayo ni matumizi mabaya.

Kwamba ilizunguka bila maji, sibishi. Ninachokataa ni hayo "matumizi mabaya". Niliiwasha nikiwa nimepiga magoti mbele ya kabati, kijitabu chenu kimefunguliwa sakafuni, nikisoma hatua moja na kuitekeleza kabla ya kwenda nyingine.

Hatua ya 5 ya kijitabu hicho inasema: bonyeza kitufe cha kupampu mara kadhaa, kisha chomeka plagi, pampu itavuta maji yenyewe. Ukurasa wa 14, kwenye masharti ya waranti, mnaandika kwamba pampu isiwashwe kamwe kabla kopo halijajaa maji. Sasa mteja amtii nani? Nilibonyeza mara 30, nikahesabu. Maji yalipanda kidogo kwenye mpira wa kuingizia, unaotoa maji kwenye tangi kuyaleta kwenye kopo, yakarudi. Nikachomeka plagi kama nilivyoelekezwa. Kopo likaanza kukwaruza, sauti kama ya changarawe ndani ya bati. Nikapiga simu kwenu. Mhudumu akaniambia ndiyo kawaida ya pampu mpya, niiache izunguke, hewa itatoka yenyewe. Nikaiacha karibu nusu saa. Nilipogusa kichwa cha kopo kilikuwa cha moto. Kisha maji kidogo yakaingia ghafla, nikasikia "tak" moja kavu, na kelele ikakoma. Nilipofungua nikakuta shafti imekatika na unga mweusi umetapakaa kwenye nyumba ya impela.

Pampu ya aina hii haivuti hewa. Inafanya kazi kwa kurusha maji kwa mzunguko wa impela, na hewa ni nyepesi kuliko maji kwa takriban mara 800, hivyo impela inazunguka tu na hakuna kinachosogea. Maji yenyewe ndiyo yanayoipoza shafti na kuilainishia njia. Ninyi mnaotengeneza pampu mnayajua haya kuliko mimi. Ndiyo maana sentensi ile ya "itavuta maji yenyewe" imenikera sana: si kosa la chapa, ni maelezo yasiyo ya kweli kuhusu chombo chenu wenyewe.

Kilichokuwa kimetokea nilikigundua siku ya tatu, baada ya kuazima shafti na impela kwa mwenzangu anayefuga samaki ili nijaribu tena. Kopo lilikuwa limeshika hewa. Mchoro wenu namba 4 unaonyesha mpira wa kurudishia maji kwenye tangi umejikunja mzingo mmoja nyuma ya kabati, na ncha yake imezamishwa tayari ndani ya tangi. Nilifunga hivyo hivyo. Matokeo yake, maji yakaingia kwenye mpira wa kurudishia kutoka juu, yakatulia kwenye ule mzingo, na mengine yakasukuma kutoka upande wa kuingizia. Hewa ya kopo ikabaki katikati, imebanwa pande zote mbili, haina pa kutokea. Hata ningebonyeza kitufe mara 300 isingesaidia.

Nikauondoa mpira wa kurudishia kwenye tangi, nikamwaga maji yaliyokuwemo, nikaukata ule urefu uliozidi ili upande wima bila kujikunja. Ncha yake nikaishika juu ya usawa wa maji. Nikafungua koki zote mbili. Nikabonyeza kitufe mara nne tu. Maji yalipovuka ukingo wa tangi yakaanza kushuka kwa uzito wake, na hewa ikawa inatoka kwenye ile ncha mkononi mwangu, naisikia ikipuliza kwenye kiganja. Kopo likajaa lenyewe, umeme bado haujaguswa. Maji yakapanda kwenye mpira wa kurudishia mpaka yakalingana na maji ya tangi, yakasimama hapo. Nikarudisha ncha ndani, nikachomeka plagi, nikainamisha kopo kidogo huku na huku ili mapovu yaliyojificha kwenye sifongo yatoke. Kimya kabisa. Kazi yote haikuzidi dakika tano.

Dakika tano, Ndugu Meneja, baada ya siku tatu ambazo samaki wangu walizilipia.

Nilikuwa nimehamisha vipande vya kauri kutoka kichujio cha zamani na kuvitia kwenye hiki kipya, kwa sababu bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wanaishi humo. Bakteria hao wanahitaji maji yanayopita yakiwa na oksijeni. Walikaa ndani ya kopo lililofungwa, maji hayatembei, na wengi wakafa. Asubuhi ya siku ya pili niliwakuta samaki wote wamejikusanya juu, midomo inagonga uso wa maji, mashavu yanafunguka haraka haraka. Kipimo cha amonia, ambacho kwa miezi kilikuwa kinasoma sifuri, kilikuwa kimebadilika rangi na kuwa kijani. Nilibadilisha nusu ya maji mchana na nusu nyingine usiku. Wawili walikufa hata hivyo, mmoja nimemlea kwa miaka minne. Sikuandika barua hii kudai fidia yao, lakini nataka anayeisoma ajue kwamba walikufa.

(Na kwa kuwa nimeshika kalamu: ukurasa wa 9 unashauri vipande vya kauri vioshwe kwa maji ya bomba kila mwezi. Maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria hao hao. Visuuzwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi.)

Ninayoyaomba ni haya. Kwanza, mnipatie shafti na impela mpya bila malipo, nimrudishie mwenzangu vya kwake, na mfute kwenye kumbukumbu zenu maneno kwamba nilikitumia vibaya. Picha za shafti iliyovunjika na za ukurasa wenye hatua ya 5 nimeziambatisha.

Pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, mrekebishe hatua ya 5 na mchoro namba 4. Maneno hata hayahitaji kuwa mengi. Semeni kwamba ncha ya mpira wa kurudishia ikae nje ya maji mpaka kopo lijae, kwamba mipira isijikunje popote, kwamba koki zote mbili ziwe wazi, na kwamba plagi isiguswe mpaka maji yamesimama kwenye mpira wa kurudishia sawa na usawa wa tangi. Wakati kijitabu kipya kinaandaliwa, karatasi moja ndogo ndani ya kila boksi inatosha. Wahudumu wenu wa simu nao waambiwe wasimshauri mtu aiache pampu inayokwaruza iendelee kuzunguka.

Kichujio chenyewe sina tatizo nacho. Oringi yake, ule mpira wa duara unaoziba kifuniko, imekaa vizuri, hakijavuja hata tone, na tangu kimeanza kuvuta maji hakisikiki. Ningependa kuendelea kukitumia, na ningependa kuweza kumwambia mwingine akinunue bila kuhofia kwamba kijitabu chenu kitamfikisha nilikofika mimi.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, lieleze mmeamua nini kuhusu yote mawili.

Wenu,
Mteja.

Viambatisho: picha ya shafti na impela, picha za ukurasa wenye hatua ya 5 na za kurasa za 9 na 14 za kijitabu, nakala ya risiti.